Gurudumu la Kushoto

Yadi ile ya magari siku ya Jumamosi ilikuwa vurugu tupu. Honi zilijaribiwa, injini zilinguruma bila kwenda popote, na madalali walikimbizana na wateja wakiwashika viwiko kama polisi na wezi. Katikati ya zogo hilo aliingia mwanamke wa miaka thelathini na moja, gauni la kijani limemkaa sawasawa kiunoni, kitambaa cheupe kichwani, na miguuni raba ambazo hazikuendana na gauni hata kidogo. Alikuwa dereva. Zahanati moja ya milimani ilikuwa imemwajiri awe anawabeba wajawazito hadi hospitali ya mjini, na kamati ya zahanati ilimtuma achague gari litakaloiweza kazi hiyo. Alirudi kinyumenyume ili alitazame vizuri gari moja jeusi lenye matairi mapana, kisigino chake kikatua juu ya mguu wa mtu.

"Dada," sauti ikasema kutoka chini ya gari la jirani, "huo mguu bado nautumia."

"Mama yangu! Samahani, kaka. Sikukuona."

"Hakuna anayeniona. Ndiyo maana wananiita Mvungu."

Akajivuta kutoka uvunguni, fundi mrefu mwenye ovaroli iliyopauka na grisi hadi kwenye nyusi. Alikuwa ameletwa pale na mteja wake akague gari. Akamtazama yule mwanamke kuanzia raba hadi kitambaa, wala hakujisumbua kuficha kwamba anamtazama.

"Unalitaka hilo jeusi?"

"Nimelipenda."

"Ni zuri. La kwendea harusini. Unaenda harusini?"

"Naenda mlimani kuchukua wajawazito. Mvua ikinyesha."

Fundi akaacha utani. Dalali, mtu mwenye ulimi wa asali na miwani ya jua, akajipenyeza katikati yao. "Bosi wangu, huyu usimsikilize. Hili jeusi linapanda hata ukuta."

"Basi lipandishe tuone," fundi akamwambia. Kisha akatandika boksi kuukuu chini. "Dada, lala."

"Nilale? Na gauni hili?"

"Gari halichaguliwi mtu akiwa amesimama."

Alilala. Wakalala ubavu kwa ubavu chini ya magari matatu asubuhi ile, na mimi nasema mapenzi yalianza hapo, ingawa wenyewe baadaye walibishana sana juu ya hilo. Chini ya lile jeusi fundi alichomeka bisibisi kwenye chesisi, ikazama kama kwenye mkate uliolowa. Rangi mpya ilikuwa imepakwa juu ya kutu. La pili, la fedha, lilikuwa na tumbo lililokaribia kugusa ardhi na kompyuta kila mahali. "Likigoma huko juu utamwita nani?" aliuliza. "Na mawe yatalipasua sampo siku ya kwanza, oili yote imwagike." La tatu lilikuwa jeupe, la zamani, lenye uso wa mraba, limesahauliwa pembeni. Tumbo lake lilikuwa juu, springi zake za vyuma vilivyopangwa zilikuwa nzima, na lilikuwa na gia ndogo ya kupandia milima.

"Hili sura halina," dereva alisema.

"Hata mimi sina. Lakini siachi mtu njiani."

Alicheka mpaka kitambaa kikamvuka. Fundi akamwonyesha jambo moja zaidi. Katikati ya kila gurudumu la mbele palikuwa na kidude cha duara ambacho mafundi wanakiita habu. Barabara ikiwa nzuri, habu zinaachwa wazi, gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Tope likianza, dereva anashuka, anazizungusha zote mbili kwa mkono mpaka zifunge, na hapo ndipo magurudumu yote manne yanapovuta.

"Zote mbili," fundi alisema. "Ukifunga moja ni sawa na hujafunga kitu. Nguvu yote ya mbele inakimbilia lile gurudumu lililo wazi, linazunguka bure."

"Nimesikia, mwalimu."

Kamati ilikubali lile jeupe linunuliwe. Ilikubali pia kwamba Mvungu alihudumie gari hilo kila wiki, na kwamba miezi mitatu ya kwanza awe anapanda nalo mlimani mpaka dereva alizoee. Nani alitoa wazo hilo la pili sijui, ila dereva alipoulizwa na dada yake mkubwa, mshonaji aliyeishi naye nyumba moja, alianza kujikuna shingo.

"Mtu aliyeendesha malori miaka minane anafundishwa gari?" dada mtu aliuliza, pini zikiwa mdomoni. "Haya. Mwambie shemeji nataka kumpima suruali, hizo ovaroli zinatia aibu."

"Shemeji wa wapi, dada?"

"Wa simu inayolia kila baada ya chakula cha jioni."

Na simu ililia kweli.

"Bosi, umekula?"

"Nimekula. Wewe je, wa uvunguni?"

"Nimekula mkate na grisi. Mikono haitakati. Kesho uje na sabuni yako ile inayonukia."

"Nikupe sabuni, nawe utanipa nini?"

"Nitakuimbia."

"Bora nibaki na sabuni yangu."

Huko kuimba kulikuwa na chanzo. Lami ilipoishia, chini ya mlima, ndipo walipokuwa wakishuka kufunga habu. Siku ya kwanza dereva alishuka kulia, fundi akashuka kushoto, kila mmoja akainama upande wake, wakarudi ndani kwa pamoja na kugongana mabega. Siku ya pili likawa shindano. Walihesabu moja, mbili, tatu, milango ikafunguka, kila mtu akazungusha ya kwake na kukimbia kurudi. Aliyechelewa aliimba mpaka zahanati. Fundi alishindwa karibu kila mara, kwa sababu ya viatu vyake vizito, au kwa sababu alipenda kumwona yule mwanamke akishangilia. Aliimba vibaya ajabu. Muuguzi wa zahanati, mama wa makamo aliyekaa siti ya nyuma na sanduku lake la dawa, aliziba masikio na kusema wajawazito wake watazaa kabla ya wakati. Walikuwa na furaha, hawa watu. Naomba mlikumbuke hilo, kwa maana baadaye wao wenyewe waliona haya kulikumbuka.

Mwisho wa mwezi wa tatu, siku ya Jumanne, fundi aliyafungua magurudumu ya mbele, akayasafisha, akaweka grisi mpya na kuyafunga. Alhamisi mchana simu ya zahanati ikaja: mama anatoka damu, mimba ya kwanza, uchungu haujakaa sawa. Dereva alipita gereji mbio. Fundi alikuwa amelala chini ya lori, giaboksi imening'inia juu ya kifua chake.

"Nenda tu, mpenzi," alisema. "Hii nikiiachia inaniua. Nikiifunga nakuja na pikipiki. Halafu jioni nina neno la kukuambia."

"Neno gani?"

"La kuambiwa mtu akiwa amekaa."

"Na leo nani ataimba?"

"Imba mwenyewe, bosi. Nenda."

Aliondoka na muuguzi. Manyunyu yalikuwa yameanza lami ilipoishia. Dereva alifungua mlango, akaruka chini, akainama, akazungusha habu yake, akakimbia kurudi, akafunga mlango. Alijikuta anatabasamu peke yake kwa sababu alikuwa ameshinda. Upande wa kushoto hakushuka mtu.

Kupanda hakukuwa na shida, ardhi ilikuwa bado ngumu. Walipokuwa wakishuka na mgonjwa, mvua ilimwagika. Kwenye bonde, palipo na mpando mfupi kabla ya lami, gari likaanza kuteleza. Dereva aliweka gia ndogo. Nyuma kulizunguka, mbele hakukuvuta, na gari zima likaserereka polepole hadi mtaroni, upande wa kushoto ukazama katika tope mpaka kwenye mlango.

"Mbele hayavuti!" alipiga kelele. "Amefanya nini huyu na magurudumu yangu? Juzi tu ameyafungua!"

"Achana na magurudumu, njoo ushike hapa!" muuguzi alimjibu akiwa nyuma.

Bonde lile halikuwa na mtandao. Muuguzi alishuka kutafuta watu, na dereva akabaki na yule mama, kichwa cha mgonjwa mapajani mwake, mikono yake ikikandamiza vitambaa pale alipoonyeshwa. Zilipita saa tatu kabla wanaume hawajafika na kamba. Hospitali walimtoa mtoto wa kike, mzima. Mama yake alifika akiwa ameishiwa damu, akafa jua likizama.

Fundi hakufika na pikipiki ila baada ya gari kuvutwa. Kesho yake asubuhi lilikuwa gerejini kwake. Alilimwagia maji, akakwangua tope kwa vidole kuzunguka gurudumu la kushoto, na akaiona habu. Ilikuwa wazi. Akaenda kulia, akakuta imefungwa. Aliketi juu ya ndoo. Hakuhitaji kuelezwa, aliona shindano zima, milango ikifunguka, na kiti chake kitupu. Alijua kosa ni la nani na alijua lilikotoka. Alimjua pia huyo mwanamke, jinsi alivyoweza kukosa usingizi kwa kumkanyaga kuku barabarani. Akanyoosha mkono na kuizungusha habu ya kushoto mpaka ikafunga. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Kamati ilipofika saa nne, mwenyekiti aliuliza moja kwa moja. "Kwa nini mbele hakukuvuta?"

"Mimi," fundi alisema. "Jumanne nilifungua shafti inayozungusha magurudumu ya mbele nikasahau kuirudisha. Nimeifunga leo asubuhi. Ni kosa langu."

Simu ya dereva ililia kwake kabla ya mchana.

"Niambie wamenidanganya."

"Hawajakudanganya."

"Ulikuwa unawaza nini, Mvungu? Ulikuwa unawaza nini siku ile ya Jumanne?"

"Sijui."

"Mtu amekufa mapajani mwangu! Nimemwambia usiogope, gari hili limetengenezwa na mtu ninayemwamini. Nimemwambia hivyo kwa mdomo wangu!"

Fundi alishika simu kwa mikono miwili. "Najua. Nisamehe."

"Usinipigie tena. Ukiniona barabarani, vuka upande mwingine."

Alivuka, miezi mitano. Polisi walichukua maelezo yake, faili likabaki mezani kwao. Wateja walimkimbia mmoja mmoja mpaka gereji ikabaki na gari moja lisilo na injini. Mume wa marehemu, mwashi wa nyumba mwenye mikono iliyopasuka kwa saruji, alifika mara moja tu, akasimama mlangoni. "Nataka uijue sura yangu," alisema, akaondoka. Dereva naye aliendelea na kazi. Alikonda. Dada yake alimtazama akirudisha sahani zikiwa zimejaa, mwisho uvumilivu ukamwisha.

"Mwanamume gani huyo anayekubali kosa upesi hivyo?" aliuliza. "Wa kwangu, Mungu amrehemu, alikuwa akivunja kikombe anasema kilikuwa na ufa toka dukani."

"Dada, acha."

"Naacha. Lakini fikiri."

Hakutaka kufikiri. Ilikuwa kiangazi, njia ya mlimani ilikuwa kavu, na habu zote mbili, ambazo fundi alizifungua kabla ya kulirudisha gari, hakuna aliyezigusa muda wote huo. Mvua ya kwanza ilipokuja, alisimamisha gari lami ilipoishia. Aliruka chini, akainama, akazungusha, akakimbia, akafunga mlango, akashika gia. Halafu akasubiri.

Muuguzi akajongea mbele kutoka siti ya nyuma. "Mbona hatuendi?"

Alikuwa akisubiri mlango wa kushoto ufungwe. Alipotambua kwamba ndicho anachosubiri, aliiachia gia. Alishuka kwenye mvua, akazunguka mbele ya boneti akiwa ameshikilia chuma kwa mkono mmoja, akaiangalia habu ya kushoto. Ilikuwa wazi. Aliifunga. Akapanda mlimani, akamchukua mgonjwa wake, akamfikisha hospitali salama, ndipo akaenda gerejini, akiwa bado na sare yake ya kazi, suruali imelowa hadi magotini.

Fundi alikuwa anafuta spana ambazo hazikuwa na uchafu.

"Uliizungusha wewe," dereva alisema.

"Nini?"

"Usinifanye mtoto. Ya kushoto. Nilifunga yangu nikakuachia yako, na wewe hukuwepo. Ukaikuta wazi ukaizungusha."

Fundi aliziweka spana chini moja moja. "Nani amekuambia?"

"Mwili wangu umeniambia. Ulidhani siwezi kulibeba?"

"Nilidhani mimi siwezi kukuona ukilibeba."

"Ukaniacha nikuchukie miezi mitano!"

"Ilikuwa afadhali."

"Afadhali kwa nani? Nimemlaani mtu asiye na hatia kila nilipoamka! Na yule baba amekuwa akimchukia mtu ambaye siye! Tulikuwa tunacheza, Mvungu. Mwanamke yule amekufa kwa sababu mimi na wewe tulikuwa tunacheza."

"Ndiyo maana nilitaka liwe langu. Nusu ni langu hata hivyo."

Alimsogelea, na dereva akarudi nyuma hatua moja.

"Nakwenda kwa mwashi sasa hivi," alisema. "Nikitoka huko usinisubiri. Nakupenda, sitakuficha, ningetamani nisikupende. Lakini mtu aliyeweza kunidanganya kwa uso mkavu namna ile siwezi kulala naye kitanda kimoja. Kila utakaponiambia umekula, nitajiuliza kama umekula kweli."

Fundi alitoa pikipiki nje. "Gari la zahanati haliruhusiwi kwenda huko," alisema. "Nitakupeleka. Nitakaa nje."

Nyumba ya mwashi ilikuwa ya matofali yasiyopigwa lipu, vyumba viwili vimeezekwa na cha tatu bado kina anga. Nepi zilikuwa zimeanikwa ndani kwa sababu ya mvua. Mama yake mwashi, bibi mnene mwenye kanga iliyofifia, alikuwa mkekani akimlisha mtoto uji kwa kijiko. Dereva alikataa kiti. Alisimama katikati ya nepi akaeleza yote: habu mbili, shindano, nyimbo, mkono wa fundi asubuhi ile. Hakujipunguzia. Alipomaliza, bibi alinyanyuka kwa shida, akamfunika mtoto uso kama anayemkinga na upepo, akatoka naye kwenda chumba cha pili.

Mwashi alitazama mikono yake. "Kwa hiyo siye yeye."

"Ni mimi."

"Nimemwombea yule mtu mabaya."

"Niombee mimi. Kesho nakwenda kwa kamati na polisi, nitawaambia hivi hivi."

Hakumfukuza, na hilo lilikuwa baya kuliko kufukuzwa. Dereva aligeuka kuondoka.

"Alisema nini?" mwashi aliuliza.

"Nani, baba?"

"Kwa saa tatu ulikuwa naye peke yako. Muuguzi alikwenda kutafuta watu. Kwa miezi mitano nimekuwa na hasira, sikumuuliza mtu yeyote alisema nini."

"Alisema miguu inamuuma kwa baridi, nikamvika soksi zangu. Alisema bonde lina vyura wengi. Alikuulizia wewe, kama umeshaambiwa. Hakulia. Alikuwa mkali kidogo."

Mwashi alitikisa kichwa, karibu atabasamu. "Ndivyo alivyo. Tulibishana mimba nzima juu ya jina. Mimi nilisema akiwa wa kike apewe la mama yangu. Yeye akasema katu, mama amemtesa. Mwishowe nimempa mtoto hilo hilo la mama. Nilikuwa nimechanganyikiwa, sikujua jina lingine." Kutoka chumba cha pili bibi alisikika akimbembeleza mtoto kwa jina hilo, lake mwenyewe. "Alilitaja? Hilo suala la jina alilitaja?"

Alilitaja. Dereva aliyakumbuka maneno yale kama yalivyo, na midomo ya buluu iliyoyasema. Mwambie mume wangu asithubutu. Mwambie hata nikifa, jina hilo asithubutu.

"Alilitaja," dereva alisema. Alimtazama mwashi usoni bila kupepesa. "Alisema amekubali. Alisema, mwambie mwenzangu tumpe la mama yake."

Mwashi alijifunika uso kwa ile mikono iliyopasuka, mabega yakaanza kumtikisika. Dereva alibaki mpaka yalipotulia, kisha akainama kupita chini ya nepi na kutoka.

Fundi alikuwa amesimama kando ya pikipiki, mvua imemlowesha mpaka ovaroli ikamganda mwilini. "Umemwambia yote?"

"Yote." Akasimama mbele yake. "Halafu akaniuliza neno moja la marehemu, nikamdanganya."

"Ulimdanganya nini?"

"Nitakuambia siku nyingine. Nilikuja hapa kusema ukweli, Mvungu. Nikaona macho yake, nikamdanganya, wala sauti haikutetemeka." Alianza kulia, kilio cha mtu aliyechoka kabisa. "Hata kufikiri sikufikiri."

Fundi hakumwambia kwamba anaelewa. Alimvika kofia ngumu ya pikipiki, akamfunga mkanda wake chini ya kidevu kwa vidole vyenye grisi, taratibu.

"Nilikuambia usinisubiri," dereva alisema.

"Uliniambia."

"Kesho watanifukuza. Huenda wakanishtaki."

"Tutakwenda wote. Na mimi nina uongo wangu wa kwenda kuufuta."

"Na baada ya hapo?"

"Sijui, mpenzi. Kweli sijui."

Dereva alimwangalia kuona kama hilo nalo ni la uongo, la kumtuliza. Halikuwa. Akapanda nyuma yake, akamshika kiunoni kwa mikono miwili, wakaondoka kwa mwendo mdogo kwenye tope.